Jina la Ghorofa ya Nne

Kila asubuhi Mama alitoka nyumbani na jozi mbili za viatu. Jozi ya kwanza aliivaa. Ilikuwa ya ngozi nyeusi, imepigwa rangi mpaka inang'aa. Jozi ya pili ilikuwa ya mpira. Hiyo aliitia kwenye mkoba pamoja na chupa ya chai.

"Mtu akinikuta njiani asijue kama naenda kufagia au naenda kutia saini mkataba," alipenda kusema. Kisha alicheka peke yake na kufunga mlango taratibu.

Mama alifanya kazi ya usafi katika jengo la ofisi lenye ghorofa sita. Yeye alishika ghorofa ya pili. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, na kwa jasho hilo alimsomesha binti yake mpaka chuo.

Binti huyo alikuwa mwaka wa pili. Wenzake Mama kazini walimwita Msomi, na jina likamganda. Alikuwa msichana mwenye haya. Darasani alikaa safu ya tatu kutoka nyuma. Safu ya mwisho aliiogopa, maana walimu hupenda kuwauliza maswali waliojificha huko.

Siku hizo Msomi alikuwa na jambo linalomsumbua. Mwalimu wao wa uraia alikuwa amewapa kazi ya kuandika kurasa nne. "Andikeni juu ya ushiriki wa raia na harakati za usawa," alisema. "Ya vitabuni nimekwisha kuyasoma mimi. Nipeni mliyoyaona na mliyoyafanya."

Msomi aliandika kichwa cha habari. Akakipigia mstari. Akakipigia mstari wa pili. Basi, kalamu ikaishia hapo.

Alikuwa ameona nini? Alikuwa amefanya nini? Mara moja tu alihudhuria mkutano wa wanafunzi wanaotetea usawa. Kijana mmoja alisimama akasema, "Sisi ni sauti ya wasio na sauti!" Watu wakapiga makofi, na Msomi akapiga makofi. Kisha msichana mmoja alisimama akasema, "Hakuna mtu asiye na sauti. Wapo wasiosikilizwa tu." Watu wakapiga makofi tena, na Msomi akapiga tena. Njiani kurudi nyumbani alijiuliza ni makofi yapi yaliyokuwa ya kweli. 

Alhamisi moja Mama alisahau miwani mezani. Bila miwani hawezi kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa. Dawa ya kuzibua choo na dawa ya kufutia vioo zinafanana chupa. Msomi akaichukua miwani, akaenda nayo mpaka kwenye lile jengo.

Mlangoni mlinzi alimwona na kitambulisho chake cha chuo shingoni. "Karibu, dada, pita," alisema, akamfungulia mlango wa kioo.

Ndani kulikuwa na vigae vyeupe vinavyometameta kama maji. Msomi alisimama akiogopa kuvichafua. Mara akamwona Mama anakuja kumlaki, amevaa viatu vya mpira, ndoo mkononi.

"Mama, wewe zunguka nyuma!" mlinzi alipaza sauti. "Huku ni kwa wageni!"

"Haya, baba, nazunguka," Mama alisema. Akacheka, akageuka.

Msomi alibaki pale na miwani mkononi. Mgeni ni mimi, aliwaza. Mama yangu amesafisha jengo hili miaka kumi na mmoja, na mgeni anayefunguliwa mlango ni mimi. 

Alimfuata Mama mpaka stoo, chini ya ngazi. Palikuwa padogo, pananukia sabuni na nguo mbichi. Wanawake walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanakunywa chai. Mwenye ghorofa ya kwanza walimwita Mrefu, kwa sababu alifuta juu ya makabati bila kupanda kiti. Mwenye ghorofa ya tatu walimwita Redio, kwa sababu hazimiki. Wa ghorofa ya tano na ya sita walikuwa ndugu wawili, watu wa maneno machache.

"Msomi huyo!" Redio aliita. "Hebu tuambie, huko chuoni hawajafundisha dawa ya kuondoa msimamizi?"

"Dawa ipo," Mrefu alidakia. "Shida ni kwamba chupa zinafanana. Tutajiondoa wenyewe!"

Wote wakaangua kicheko. Msomi naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa ukutani. Pale palibandikwa orodha ya zamu, kwa mwandiko wa Mama. Ghorofa sita, majina sita, kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho. Yeye aliwajua wanawake wale kwa majina ya utani tu. Polepole alitoa simu, akaipiga picha ile orodha.

Laiti angehesabu vikombe vya chai! Vilikuwa vitano.

*

Jumapili Msomi aliandika barua kwa kampuni ya usafi. Safari hii kalamu haikukwama. Aliandika juu ya utu na usawa. Alidai mambo mawili. Kwanza, wafanyakazi wa usafi waruhusiwe kupita mlango wa mbele. Pili, wasiitwe tena wafagiaji, waitwe maofisa wa usafi.

Kisha akafika mahali pa sahihi. Alisita.

Tangu darasa la tano, Msomi ndiye aliyejaza karatasi zote za nyumba yao. Fomu za maji, fomu za shule, fomu za hospitali. "Wewe una mwandiko mzuri, niwekee na sahihi kabisa," Mama alikuwa akimwambia huku akipika. Hata mkono wake ulikuwa umezoea kuandika kama Mama.

Nikimuuliza atakataa, Msomi aliwaza. Ataogopa. Heri nimtendee wema halafu ajue baadaye.

Akanakili majina sita kutoka kwenye simu. Mbele ya kila jina akaweka sahihi. Alitumia kalamu tatu tofauti, na sahihi moja aliilaza kulia, nyingine kushoto. Jumatatu aliipeleka barua kwenye ofisi ya kampuni. Alimwachia mtu wa mapokezi, akatoka mbio kama mwizi wa kuku.

Njia nzima moyo ulimdunda. Ilikuwa furaha au hofu? 

*

Jumatano Mama alichelewa kurudi. Hilo halikuwa geni. Kila Jumatano Mama alichelewa, na Msomi alidhani anapitia madukani. Hakuwahi kuuliza mbona anarudi mikono mitupu.

Lakini siku hiyo Mama alikaa kitini bila kuvua viatu. Akatoa karatasi mkobani.

"Nisomee tena," alisema. "Nilisomewa kazini, nadhani sikuelewa."

Msomi alisoma. Sauti ilimpungua kila mstari. Ilikuwa barua ya kujieleza. Wafanyakazi watano walitakiwa waeleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa jioni, kwa nini wasifukuzwe kazi kwa kughushi sahihi. Moja ya sahihi hizo ilikuwa ya mfanyakazi aliyefariki miezi minane iliyopita.

"Msimamizi ametuita wote," Mama alisema. "Akatuuliza, 'Siku hizi marehemu nao wanaandika barua?' Sisi tunatazamana tu. Redio, mwanangu, Redio alikosa la kusema! Ni Mama Pacha huyo. Nani amemtilia sahihi Mama Pacha?"

Msomi alimkumbuka Mama Pacha. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mapacha. Alikumbuka jioni Mama alipolia kwa ajili yake. Lakini jina lake la kwenye kitambulisho hakuwahi kulijua.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

Maji yalidondoka kwenye karo, tone moja, tone jingine.

Msomi alieleza yote: miwani, mlinzi, orodha, kalamu tatu. Alitazamia kelele. Mama hakupiga kelele. Alianza kuvua viatu vyake vyeusi, polepole, kimoja kimoja.

"Mimi uniandikie, sawa," alisema mwishowe. "Mimi ni mama yako, nilikuzoesha mwenyewe. Lakini Mrefu ana watoto wanne. Wale ndugu wawili wanamtunza baba yao. Uliwauliza?"

"Hapana, Mama."

"Na Mama Pacha, ulimfufua kwa ruhusa ya nani?"

Msomi alitaka kulia, lakini hata machozi yalimwonea haya.

"Kwa nini jina lake bado lipo ukutani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama alitazama pembeni. "Hilo nalo ungeuliza kwanza," alisema. Kisha akasimama. "Vaa kandambili. Twende kwa Bi Muhuri."

*

Bi Muhuri alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya kupokea barua za wananchi. Alikuwa amestaafu, lakini midomo yake haikustaafu. Ukimwonyesha karatasi yoyote, hata ya kufungia sukari, atauliza, "Ina muhuri?"

Walimkuta ametia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

"Shikamoo, Bi Muhuri."

"Marahaba, wanangu. Ingieni, ila msinipige teke beseni. Kuna nini? Nyuso hizo si za kuja kuomba chumvi."

Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akamgeukia Msomi.

"Hiyo barua yako ilipokewa na nani?"

"Nilimwachia mtu wa mapokezi. Nikakimbia."

"Alaa! Ukamwachia, ukakimbia! Ilikuwa barua au kitoto cha kutupa? Nakala yako iko wapi?"

"Sina."

"Ina muhuri?"

"Bi Muhuri, nimesema sina."

"Nilijua tu." Alitikisa kichwa. "Na waliotia sahihi, uliwauliza wanataka nini?"

Msomi alitazama sakafu. Halafu swali likamtoka lenyewe. "Kwa hiyo nilikosea? Mlinzi alimfukuza Mama mbele yangu. Ningenyamaza? Chuoni wanatuambia kunyamaza ni kosa. Sasa nimesema, na kusema kumekuwa kosa. Sielewi!"

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima. Mama alimtazama kwa mshangao.

"Keti," Bi Muhuri alisema kwa upole. "Macho yako yaliona kweli. Na moyo wako uliuma mahali pake. Ila mkono ulitangulia mdomo. Hapo ndipo ulipojikwaa. Ungeuliza kwanza, ndipo uandike."

"Lakini wengine hawawezi kujisemea."

"Nani hawezi? Redio?"

Mama alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mimi nilikuwa karani tu, maneno makubwa siyajui," Bi Muhuri aliendelea. "Ninachojua ni hiki. Ukimsemea mtu mzima bila kumuuliza, umekaa juu yake, hata kama unamwombea kiti."

Neno hilo lilimchoma Msomi. Alikuwa amefikiri ni mlinzi peke yake aliyemweka Mama chini.

"Sasa tufanyeje?" Mama aliuliza. "Keshokutwa ni Ijumaa."

Bi Muhuri alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaukausha. "Huyu binti ataandika barua yake mwenyewe, yenye sahihi moja, ya kwake. Akiri alichofanya. Aseme ninyi hamkujua. Aipeleke mwenyewe, kwa mkono wake, na safari hii asikimbie. Nanyi kila mmoja ajieleze kweli tupu. Lakini kabla ya hayo yote, kesho aende akawaombe radhi wenzako. Hilo halina fomu."

"Halafu?"

"Halafu mkae wenyewe, mzungumze mnataka nini hasa. Mkipata neno moja, mliandike. Lisomwe kwa sauti, kila mtu asikie, asiyejua kusoma asikie mara mbili. Atakayekubali ndiye atie sahihi, na asiyeweza kuandika atie dole gumba. Anayekataa aachwe na kukataa kwake. Chagueni wawili wa kuipeleka. Nakala mbili: moja wabaki nayo, moja wawagongee muhuri mrudi nayo. Andikeni pia mnangoja jibu mpaka tarehe gani."

"Wasipojibu?"

"Mtakwenda na ile nakala ofisi ya kazi, mkaulize sheria inasemaje. Kwenda pale bila muhuri ni kama kwenda mtoni bila ndoo. Utayaona maji, lakini utarudi mkavu."

*

Siku iliyofuata, wakati wa chai, Msomi alisimama mlangoni mwa stoo. Aliomba radhi. Alisema maneno aliyoyapanga, akayasahau katikati, akaanza upya.

Mrefu hakumtazama. "Mimi nina watoto wanne," alisema.

"Najua, mama. Nisamehe."

"Hukujua. Sasa ndio unajua." Mrefu aliweka kikombe chini. Kisha akasogeza ndoo kwa mguu. "Kaa. Na huo mlango wa mbele ulioutaka, ni wa nini? Vile vigae navipiga deki mimi alfajiri. Tukivikanyaga na ndoo zetu, nani atavirudia? Wewe na maofisa wako wa usafi?"

Wale ndugu wawili wakatabasamu. Msomi akaona aibu. Kumbe mlango haukuwa na maana.

"Mimi nautaka," Redio alisema.

Wote wakamgeukia.

"Ndiyo, nautaka. Si asubuhi, na si na ndoo. Wakati wa kutoka tu, nikiwa nimeoga na kuvaa gauni langu. Nipite pale mbele, yule kijana anifungulie, aniambie, 'Kwaheri, dada.' Mara moja tu kwa siku. Ni dhambi?"

 Msomi alichanganyikiwa upya. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba kosa lake lilikuwa mlango. Sasa mlango umerudi! Watu watano ndani ya chumba kimoja, na bado hawataki kitu kimoja. Basi aliyesema "sisi" kule chuoni, alikuwa anamsema nani?

"Je, mama zangu?" aliwauliza wale ndugu. "Ninyi mnataka nini?"

Mkubwa wao alikuna goti. "Ghorofa ya nne," alisema.

"Ghorofa ya nne," mdogo akarudia.

Hapo ndipo Msomi aliposikia habari ya lile jina. Mama Pacha alipofariki, msimamizi aliahidi kuajiri mwingine mwezi huohuo. Wanawake wakasema, basi tumshikie mwenzetu huo mwezi mmoja. Kila mmoja akachukua siku yake. Mrefu Jumatatu, Redio Jumanne, Mama Jumatano, na wale ndugu Alhamisi na Ijumaa. Ukimaliza ghorofa yako, unapanda ya nne kuanza upya. Mwezi ukapita. Ikawa miwili. Sasa ni minane.

Jumatano, Msomi aliwaza. Si madukani.

"Na jina?" aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Kila mwezi naandika orodha mpya. Nikifika ghorofa ya nne, mkono unaandika wenyewe. Niandike nini? Niandike 'hakuna mtu'?"

Redio alifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha vumbi, akapiga chafya kubwa. Wakacheka na kulia kwa pamoja.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wanne walisema kwanza ghorofa ya nne. Redio alisema mlango.

"Haya, mmenishinda," alisema. "Na mimi natia sahihi ya ghorofa ya nne, miguu ni yangu pia. Lakini kwenye kumbukumbu za mkutano andika: mmoja alitaka mlango. Nisije nikasahaulika."

Msomi akaandika hivyohivyo.

*

Ijumaa Msomi alifika kwenye jengo na barua yake. Mama na Mrefu walifuatana naye. Mlinzi alifungua ule mlango wa kioo. "Karibu, dada."

Msomi alisimama. Apite mbele au azunguke na Mama? Akipita ni vibaya. Akizunguka, je, si maonyesho tu? Alisimama pale mpaka mlinzi akamwuliza kama anaumwa.

"Pita unapofunguliwa," Mama alimnong'oneza. "Leo si siku ya mlango. Tutakutana juu."

Msimamizi alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisoma barua ya Msomi mara mbili.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Wao hawakujua."

"Unajua nilishtuka kiasi gani? Mama Pacha nilimzika mimi. Nilishika jeneza upande wa miguu. Halafu Jumatatu nakuta sahihi yake, wino mbichi!" Alivuta pumzi. "Ungekuwa mwanangu, sijui ningekufanya nini."

Msomi alilia. Lakini hakukimbia.

Kisha Mrefu aliweka mezani barua ya pili. Ilikuwa fupi. Ilisema ghorofa ya nne haina mtu kwa miezi minane, ikaomba aajiriwe mfanyakazi wa sita. Ilitaja siku kumi na nne za kungoja jibu. Chini palikuwa na sahihi nne na dole gumba moja. Nyuma ziliambatishwa orodha za zamu za miezi minane, Mama hakuwahi kutupa hata moja. Kila orodha ilikuwa na jina la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Msimamizi alizifunua moja moja. 

"Makao makuu huniuliza kila mwezi," alisema. "Wananiuliza, ghorofa ya nne ni chafu? Nami nasema hapana, inang'aa. Wananijibu, sasa shida iko wapi?"

"Inang'aa kwa sababu ni ya Mama Pacha," Mama alisema. "Tungeiachaje?"

Msomi alizitazama zile orodha. Kwa hiyo upendo wao ndio ulioficha shida yao? Wangeiacha ghorofa ichafuke, wangesaidiwa mapema? Angeandika nini hapo, kwenye kurasa nne?

"Tunaomba muhuri kwenye nakala yetu," Mrefu alisema.

Msimamizi alifungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Muhuri ulikuwa chini ya magazeti. Akaupulizia vumbi, akaugonga.

*

Jibu lilikuja siku ya kumi na mbili. Barua za kujieleza zilifutwa. Mfanyakazi wa sita angeanza mwanzo wa mwezi. Jumatano ya kwanza ya mwezi huo Mama alirudi nyumbani jua bado liko juu, akakosa la kufanya. Alizunguka chumbani, akapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa, mwisho akalala usingizi mpaka chakula cha jioni.

Bi Muhuri aliletewa ile nakala aione. Aliishika kwa mikono miwili, akaugusa muhuri kwa kidole. "Umekaa kidogo upande," alisema. Lakini alikuwa anatabasamu.

Msomi alimaliza kazi yake ya chuo. Aliandika juu ya miwani, vigae na vikombe vitano. Mwishoni aliandika: "Nilitaka kumtetea mama yangu, nikakaribia kumfukuzisha kazi. Sijui bado usawa ni nini. Mlango wa mbele ulikuwa muhimu kwa mmoja na si muhimu kwa wanne, nami sijui mtu afanye nini na yule mmoja. Najua tu kwamba sikuwa nimeuliza."

Mwalimu alimrudishia na alama za wastani. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Kazi haina hitimisho." Msomi alisoma, akaona ni kweli.

Siku ya kwanza ya mwezi, wanawake walimwita stoo. Walitaka orodha mpya ya zamu iandikwe kwa mwandiko mzuri. Kwenye kona alisimama msichana mgeni, viatu vya mpira bado vipya mkononi, macho chini. Hata salamu aliitoa kwa kunong'ona. Msomi alimtazama akajiona mwenyewe, safu ya tatu kutoka nyuma.

"Mkaribishe mwenzako," Redio alimwambia mlinzi aliyechungulia. "Na kumbuka, mkutano ujao ni wa mlango wangu. Anza kufanya mazoezi ya kusema 'kwaheri, dada.'"

Mama alibandua orodha ya zamani ukutani. Aliikunja mara nne, akaitia mkobani, karibu na chupa ya chai.

Msomi alitandika karatasi mpya juu ya ndoo. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kila jina aliuliza, ingawa sasa aliyajua yote. Alipofika ya nne mkono wake ulisimama. 

Akamgeukia yule msichana.

"Niandike jina gani?"

Msichana aliinua macho. "La kwenye kitambulisho, au ninaloitwa nyumbani?"

"Unalolitaka wewe."

Msichana alifikiri. Kisha akalitaja, taratibu. Msomi akaliandika, akamsomea kwa sauti, akangoja mpaka alipoitikia kwa kichwa. Ndipo akainua kalamu.